Mkono Nao ni Breki

"Hii nayo ni baridi?" Swali hili utalisikia sana hapa Babati ifikapo mwezi wa Juni, na ukichunguza utaona kuwa mara nyingi muulizaji amevaa koti. Au yumo ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Au yuko dukani kwake, saa nne ya asubuhi, jua limekwisha kuchomoza juu ya mlima Kwaraa na chai imekwisha kunywewa. Baridi, anatufundisha, ni mambo ya Ulaya. Ni theluji. Sisi tuko karibu na Ikweta, tuache kujidekeza.

Ndugu msomaji, nataka kubishana na mtu huyu. Lau angekuwa anasema hayo kwa ajili ya mazungumzo tu, ningemwacha na chai yake. Lakini mtu huyu mara nyingi ndiye mwenye pikipiki, na kijana anayemwendeshea pikipiki hiyo ndiye aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri akiwa na fulana mbili na kipande cha boksi kifuani. Usemi wa kwamba Babati hakuna baridi una kazi yake. Unamwokoa tajiri asinunue koti.

Tuanze na mahali tulipo. Mji wa Babati umekaa kwenye kimo cha zaidi ya meta 1,300 kutoka usawa wa bahari. Ukishika njia ya Arusha unateremka hadi Magugu, nchi ya mpunga na joto. Ukishika njia ya Dareda unafika chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kisha unaupanda kwa kona hadi Bashnet, na kuendelea hadi Mbulu. Upande mwingine Hanang, wenye zaidi ya meta 3,400, unakutazama ukiwa umevaa wingu. Watu wa hali ya hewa wanatuambia kwamba kila upandapo meta 1,000 joto hupungua kwa nyuzi zipatazo 6 za sentigredi. Kwa hiyo kijana wa bodaboda anayepeleka abiria Magugu asubuhi na kumpeleka mwingine Bashnet jioni amepita katika nchi mbili zenye hewa mbili siku hiyo hiyo, na shati ni lile lile. Hakuna dereva wa gari anayeujua mkoa huu wa Manyara kwa ngozi yake kama anavyoujua yeye.

Halafu kuna majira. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kipupwe. Upepo wa kusi unatoka kusini-mashariki, mawingu yanalala chini asubuhi, na juu ya ukuta wa Bonde ukungu unaweza kukaa mpaka saa tatu huku ukidondosha manyunyu ambayo si mvua na wala si ukavu. Asubuhi ya nyuzi 10 huko juu si kitu cha kushangaza mtu. Wazee wetu hawakuhitaji kipimajoto kulijua hilo. Wairaqw wa nyanda za Mbulu walijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, nusu ndani ya ardhi, na mifugo ikalala humo humo pamoja na watu. Sababu kubwa ilikuwa kujificha na maadui, ni kweli, lakini aliyelala katika nyumba ile hakusumbuliwa na upepo. Mchungaji wa Kibarbaig hatoki alfajiri bila shuka lake zito. Ni sisi wa mjini, wenye viatu na simu, ndio tuliogundua kwamba hapa hakuna baridi.

Sasa tuongeze upepo. Mtu aliyesimama kijiweni katika nyuzi 10 anasikia baridi ya nyuzi 10. Mtu huyo huyo akipanda pikipiki na kwenda kilometa 60 kwa saa amejitengenezea upepo wa kilometa 60 kwa saa, hata kama jani la mti halitikisiki. Kwa kanuni inayotumika Marekani na Kanada tangu mwaka 2001 kupima baridi ya upepo, ngozi iliyo wazi katika hali hiyo inapoteza joto kama vile hewa ingekuwa na nyuzi 5 tu. Nyuzi 5 ni baridi ya ndani ya jokofu. Hesabu hiyo ni ya ngozi kavu. Ikilowa manyunyu, mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu maji yanapokauka hubeba joto la mwili na kuondoka nalo.

Na lami imezidisha jambo hili. Simaanishi kuikataa lami, Mungu apishe mbali. Barabara hii ya kutoka Dodoma kupitia Kondoa, ambayo tuliisubiri miaka na miaka huku tukila vumbi, ilizinduliwa rasmi mwaka 2018 na imetufaa sana. Lakini zamani, kwenye makorongo na kokoto, pikipiki ilikwenda kilometa 25 au 30 kwa saa, na dereva alitoka jasho akipigana na usukani. Leo analala juu ya tangi kwa kilometa 80, mwili umetulia tuli, na upepo unampiga bila kukoma kutoka Bonga hadi mjini. Njia imefupishwa, baridi imeongezwa, wala hakuna aliyeiingiza katika hesabu.

Jambo linaloniudhi ni kwamba kipupwe kwa upande wa mashine tunakijua vizuri. Chukua kopo la oili ya injini pale dukani. Utasoma 20W-50. Herufi ile W ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyoitangulia inaeleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi, na ile inayoifuata inaeleza inavyokuwa ikiwa ya moto. Yaani majira ya baridi yameandikwa kwenye kopo, yameletwa Babati kwa lori, yamepangwa kwenye rafu, na yananunuliwa kila baada ya wiki chache na tajiri yule yule anayesema hapa hakuna baridi. Anayanunua kwa ajili ya injini.

Wala sisemi asinunue. Mimi mwenyewe ni mwanafunzi wa mambo haya kwa miaka mingi, na pikipiki inayotunzwa kipupwe inanifurahisha kuliko redio mpya. Oili nzito ikipoa usiku inakuwa kama uji, na sekunde za kwanza baada ya kupiga kiki ndizo ambazo chuma husagana na chuma. Kwa hiyo ipigwe, iachwe ingurume taratibu kwa dakika moja hivi, ndipo iondoke, tena kwa upole kilometa ya kwanza. Anayepiga kiki na papo hapo kuvuta mafuta hadi mwisho ili wenzake kijiweni wamsikie anakula pistoni yake. Choki ivutwe wakati wa kuwasha na irudishwe mapema, maana ikisahauliwa petroli nyingi mno huingia, huosha oili kwenye kuta za silinda, na plagi inakuwa nyeusi kama masizi ya jikoni. Na fundi asikudanganye kukutilia oili ya gari kwa kuwa ni rahisi: klachi ya pikipiki zetu nyingi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, ambayo huifanya klachi iteleze. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA.

Matairi nayo. Hewa ndani ya tairi hushuka kiasi cha pauni 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopungua. Aliyejaza upepo Magugu saa nane mchana, tairi likiwa la moto kutoka barabarani, kesho yake alfajiri akapanda kona za Dareda, tairi lake limelegea bila kutobolewa. Apime asubuhi, kabla hajaondoka. Cheni ipakwe oili jioni, ikiwa bado na joto la safari, ipate kunywa usiku. Betri iliyochoka hudhihirika kipupwe, kwa kuwa baridi huipunguzia nguvu, na ndipo utawaona vijana wakisukumana nyuma ya soko alfajiri. Na kabureta ina mchezo wake: ukipanda juu hewa inakuwa nyembamba na petroli inazidi, lakini hewa ya baridi nayo ni nzito kidogo na inarudisha sehemu ya kilichopotea, kwa hiyo fundi asikimbilie bisibisi kila injini inapokohoa Bashnet. Mara nyingi ni uchafu tu wa chujio la hewa, vumbi la Mei lililosahauliwa humo.

Wapo pia wenye pikipiki zinazolala. Mwalimu aliyehamishwa, mstaafu, mtu aliyekwenda masomoni. Sanaa ya kulaza pikipiki inajulikana sana Ulaya ya kaskazini, na katika miaka ya 1990 Babati ilikuwa na Waswidi wa kutosha, waliokuja na mradi wa LAMP wa hifadhi ya ardhi uliofadhiliwa na nchi yao. Kwao pikipiki nyingi hufunikwa theluji inapokaribia na hufunuliwa ikiyeyuka. Kanuni zao zinafaa hapa kwa mwaka mzima: mwaga oili chafu kabla ya kulaza, kwa sababu ina asidi inayokula vyuma, jaza tangi pomoni ili unyevu usipate nafasi ya kuganda juu ya bati na kuleta kutu, mwaga petroli iliyobaki kwenye kabureta isije ikawa gundi, toa betri, simamisha kwenye stendi kubwa tairi zisikae upande mmoja, funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa, si kwa turubai la plastiki linalotoa jasho. Kwa hapa kwetu nitaongeza la panya, ambao hupenda nyaya na hupenda zaidi kiota chini ya kiti. Basi, hiyo ndiyo sanaa yenyewe. Haina uganga.

Lakini pikipiki ya bodaboda hailali. Mswidi anaposema maandalizi ya baridi ana maana ya kuiweka mashine stoo na yeye kupanda basi. Sisi tukisema maandalizi ya baridi tuna maana ya kuiamsha saa kumi na moja. Hapo ndipo mafunzo ya kitabu cha maelekezo yanapokwisha, kwa kuwa kitabu hicho kimeandikwa kwa ajili ya chuma. Chuma hakina shida na upepo. Chuma hakiwezi kupoa chini ya joto la hewa iliyokizunguka hata kikipigwa upepo wa namna gani, na injini hizi zenye mapezi ubavuni zimeundwa zipozwe na upepo, zinautamani. Upepo ule ule unaoifanya injini ijisikie vizuri ndio unaomla aliye juu yake. Ukiitunza mashine peke yake kipupwe, umemtunza asiyeumwa ukamwacha mgonjwa.

Na mgonjwa huyo ndiye aliyeshika breki. Hapa nawaomba matajiri wasome polepole. Vidole vya mtu, ngozi yake ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, huanza kupoteza ustadi; ikiendelea kushuka hufa ganzi, misuli hukaza, na mkono hauambii tena ubongo umeshika nini. Breki ya mbele ya pikipiki, ambayo ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, huvutwa kwa vidole vya mkono wa kulia. Klachi ni vidole vya kushoto. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, pikipiki inakwenda karibu meta 17 kwa sekunde moja. Vidole vikichelewa nusu sekunde, umekwenda meta 8 na zaidi kabla breki haijaguswa. Meta 8 ni upana wa barabara. Ni ng'ombe aliyekuwa pembeni na sasa yuko mbele. Unaweza kubadilisha pedi za breki kila mwezi, ukaweka kebo mpya, ukaweka tairi jipya, na ukaviunganisha vyote hivyo na mkono uliokufa ganzi. Kebo ya breki haiishii kwenye usukani. Inaendelea mpaka kwenye bega la kijana.

Kisha watu wanasema, dereva alikuwa na mwendo kasi. Huenda alikuwa nao. Mimi nauliza pia vidole vyake vilikuwaje, na sijasikia swali hilo likiulizwa kwenye ajali yoyote.

Vijana wenyewe wana nadharia yao, nayo ni kifua. Muulize dereva yeyote kwa nini amevaa koti nyuma mbele, au kwa nini ameweka boksi ndani ya shati, atakujibu: upepo unaingia kifuani unaleta nimonia. Wasomi huwacheka. Nimonia, wanasema, huletwa na vijidudu, si na upepo. Ni kweli huletwa na vijidudu. Hata hivyo mimi sicheki, kwa sababu boksi linafanya kazi. Karatasi ngumu ina hewa iliyonaswa ndani yake, na hewa iliyotulia ni kinga nzuri ya joto. Ndivyo blanketi linavyofanya kazi. Waendesha baiskeli wa mashindano makubwa ya Ufaransa walizoea kusokomeza magazeti ndani ya fulana kabla ya kuteremka milima yao. Hekima ya boksi ni ile ile. Kosa lake ni kwamba linalinda mahali pamoja tu. Kifua kina nguo na damu ya karibu. Mikono haina kitu, nayo iko mbele kabisa, inafika kwenye upepo kabla ya mwili wote. Nimewaona vijana wenye vifua vilivyofungwa kama magunia ya mahindi na mikono mitupu, mekundu na migumu, wakishindwa kuhesabu chenji ya abiria. Mkono usioweza kuhesabu noti uliwezaje kushika klachi kona ya saba?

Na kuna dawa nyingine, ya chupa. Tangu Machi 1, 2017 pombe kali za vifuko vya plastiki, viroba, zilipigwa marufuku nchini, na hatua ile niliiunga mkono kwa moyo wote, maana kiroba kilikaa vizuri mno katika mfuko wa shati la dereva. Lakini hoja iliyokuwa ndani ya kiroba haikupigwa marufuku. Bado husemwa kwamba kidogo cha alfajiri "kinapasha". Kinapasha, ndiyo, ngozi. Pombe hufungua mishipa midogo ya damu chini ya ngozi, damu ya moto inatoka ndani na kuja juu, mtu anajisikia moto, na joto hilo hilo linachukuliwa na upepo. Baada ya nusu saa ana baridi kuliko alivyoanza na akili imepungua. Ukitafuta njia ya haraka ya kumpoza mtu aliye juu ya pikipiki huku akiamini anapata joto, hutapata iliyo bora zaidi. Chai ya tangawizi na chapati havina fahari kijiweni, lakini mwili unaotetemeka unachoma chakula, na dereva asiyekula ni injini isiyo na petroli.

Sasa nirudi kwa tajiri, maana najua anachotaka kusema. Nimekisikia mara nyingi.

Kwanza atasema, dereva ni mtu mzima, ajinunulie koti. Sawa. Lakini hesabu inapelekwa kila jioni, kuwe na abiria au kusiwe, kuwe na ukungu au jua. Iwe ni 7,000 au 10,000, haijui kipupwe. Na asubuhi za kipupwe abiria hupungua, kwa sababu nao wana akili, hawataki kupigwa upepo. Wanasubiri daladala au wanatembea. Hivyo mwezi ambao dereva anahitaji koti ndio mwezi ambao mfuko wake una shimo. Analazimika kutoka mapema zaidi, kwenda mbali zaidi, kukimbia zaidi. Hesabu isiyobadilika inamsukuma ndani ya baridi kwa nguvu kuliko ambavyo yeye angejipeleka.

Pili atasema, nikimpa koti ataliuza, au ataondoka nalo. Hoja hii hunishangaza kila mara. Umemkabidhi kijana huyo mashine ya mamilioni ya shilingi. Umempa ufunguo, kadi na kopi za karatasi. Analala nayo uani kwake. Kwa hiyo unamwamini kwa pikipiki na humwamini kwa koti la mtumba? Mimi nadhani hofu si ya wizi. Ni kwamba oili inaingia katika mali yako na koti linaingia katika mwili wa mtu mwingine.

Tatu, na hii ndiyo huja mwisho kwa sauti ya chini: mbona wenzangu hawatoi? Naam, hawatoi. Hapo amesema kweli. Lakini Honda ilipoitoa pikipiki yake ndogo ya Super Cub mwaka 1958, iliijengea ngao ya plastiki mbele ya miguu, kumkinga mpandaji na upepo na tope. Aliyeibuni alimfikiria mtu atakayekaa juu yake. Pikipiki za posta za Japani zinazotokana na jamii hiyo huja na mikono ya usukani inayopashwa kwa umeme, kwa sababu barua hufikishwa hata penye theluji, na mwajiri aliona kwamba mkono wa tarishi ni kifaa cha kazi. Huko hawamwachii tarishi ajitegemee na boksi.

Wapo pia vijana ambao ugomvi wangu nao ni mwingine. Hawa wamepewa glovu, wamezitia chini ya kiti. Glovu ni za waoga, au zinaharibu mtindo, au haziwezi kugusa simu. Kofia ngumu imening'inizwa kwenye kiwiko, inalinda kiwiko. Kioo cha kofia kinapata ukungu, anasema, kwa hiyo anakipandisha, macho yanatoa machozi, anaendesha kwa jicho moja. Kijana wangu, paka tone la sabuni ya kuoshea vyombo upande wa ndani wa kioo, ulifute kwa kitambaa kikavu mpaka kiwe kisafi. Ukungu hautashika asubuhi nzima. Mwanamume hapimwi kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Na abiria je? Mama anayepelekwa kliniki alfajiri humfunga mtoto mgongoni, kanga mbili na sweta, na yeye mwenyewe yuko nyuma ya mgongo wa dereva. Huyo amejilinda kadiri alivyoweza. Lakini tazama watoto wa shule. Wawili nyuma, mmoja mbele juu ya tangi, katikati ya mikono ya dereva. Huyo wa mbele ana sweta la shule lililochakaa viwiko na soksi zilizoshuka. Mzazi anaona mtoto amekumbatiwa na yuko salama. Mimi naona kwamba mtoto huyo amegeuzwa kioo cha upepo cha pikipiki. Upepo wote uliokuwa umfikie dereva unaishia kwake. Wenye kuamini kwamba Babati hakuna baridi wawaulize walimu wa darasa la kwanza ni dakika ngapi hupita mwezi wa Julai kabla mtoto wa namna hiyo hajaweza kushika penseli.

Sasa ninachodai, na ni kidogo. Mikataba ya bodaboda siku hizi huandikwa. Nimeona mingi, kwa kuwa watu huniletea niisome kabla ya kutia sahihi. Imeandikwa nani ananunua oili, nani tairi, nani analipa faini, nani analipa bima, pikipiki ikiibwa iwe vipi. Iongezwe mistari miwili. Mmoja: mwenye pikipiki atatoa koti lisilopitisha upepo, glovu, na kofia ngumu yenye kioo kizima, kila mwanzo wa Juni, na vitu hivyo vihesabiwe pamoja na matengenezo ya pikipiki. Wa pili: kuanzia Juni hadi Agosti hesabu ipunguzwe, au safari za kupanda Bashnet na Mbulu kabla ya saa moja na nusu asubuhi zisiwe za lazima. Tajiri atakayepiga hesabu ataona koti la mtumba na glovu ni sawa na hesabu za siku chache. Uma wa mbele uliopinda, taa, kioo na siku za kukaa gereji ni zaidi. Sijataja hospitali, wala kilio cha mama wa kijana, kwa sababu nazungumza na mfanyabiashara na nimeamua kutumia lugha yake.

Mimi ninayo pikipiki moja inayofanya kazi mjini, na mkataba wake una mistari hiyo miwili. Yalitokea nini? Dereva hajaliuza koti. Amelishonea mfuko wa ndani kwa fundi cherehani wa sokoni, anaweka humo hesabu yangu isilowe manyunyu.

Kwa wanaotaka kununua wiki hii, kabla Juni haijashika: koti liwe na zipu iliyofunikwa na shingo inayofunga hadi kidevuni, na liwe refu lifike chini ya kiuno, kwa kuwa mtu akiinama juu ya usukani mgongo hubaki wazi. Ngozi au turubai laini ni bora kuliko sufi peke yake; sufi iwe ndani. Glovu ziwe na kofi refu linaloingia ndani ya mkono wa koti, la sivyo upepo utapanda hadi kwapani. Zisibane, kwa kuwa glovu inayobana huzuia damu na vidole hupoa upesi. Na zijaribiwe mkono ukiwa umeshika klachi, si juu ya meza ya duka, kisha breki ivutwe mara kumi. Ikikwama hata mara moja, zirudishwe.